Hideyo Noguchi: Mtafiti mashuhuri aliyepotoshwa na kijidudu cha panya

MNAMO Mei 21, 1928, mjini Accra katika koloni la Gold Coast, ambalo leo ni nchi ya Ghana, alifariki dunia mtafiti wa Kijapani aliyekuwa miongoni mwa wanasayansi mashuhuri zaidi wa enzi yake. Jina lake lilikuwa Hideyo Noguchi na alikuwa na umri wa miaka 51. Kilichomuua ni homa ya manjano, maradhi ambayo kwa takriban miaka kumi alikuwa ameuaminisha ulimwengu kwamba amekwisha kukigundua chanzo chake.

Ukweli ni kwamba hakuwa amekigundua. Kijidudu alichokuwa akikionyesha kwa fahari chini ya hadubini kilikuwa cha ugonjwa mwingine kabisa, ugonjwa ambao binadamu huupata kutoka kwa panya. Magonjwa hayo mawili yanafanana kwa dalili kiasi kwamba hata daktari mzoefu anaweza kuyachanganya akitegemea macho yake pekee. Kosa hilo lilizaa chanjo isiyokinga, likazua mabishano makali miongoni mwa wataalamu wa mabara mawili, na hatimaye likamfikisha Noguchi Afrika Magharibi, alikokutana na mauti yake.

Noguchi alizaliwa Novemba 9, 1876, katika kijiji kimoja cha eneo la Inawashiro, mkoani Fukushima, kaskazini mwa Japani. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Seisaku. Babake alikuwa mtu wa kulewa na mzigo wa kuilea familia ulimlemea mama, Shika, aliyelima mashamba na kufanya vibarua. Mtoto alipokuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu hivi, alitumbukia katika meko ya moto yaliyochimbwa sakafuni, kama ilivyokuwa desturi katika nyumba za Kijapani za wakati huo. Mkono wake wa kushoto uliungua vibaya, na vidole vikagandana na kuwa kama gumba moja.

Kwa mtoto wa mkulima maskini, mkono uliolemaa ulimaanisha kwamba hangeweza kushika jembe. Mama aliona wazi kwamba njia iliyosalia ni elimu, akajinyima ili mwanawe asome. Mwalimu mmoja, Sakae Kobayashi, alivutiwa na akili ya kijana huyo na akamsimamia katika masomo. Mnamo mwaka wa 1892 walimu na wanafunzi wenzake walichanga fedha ili afanyiwe upasuaji na Dkt Kanae Watanabe, tabibu aliyekuwa amesomea Marekani. Vidole vilitenganishwa kwa kiasi fulani, na Noguchi akaona kwa macho yake uwezo wa tiba. Aliamua papo hapo kwamba naye atakuwa daktari.

Alianza kwa kuwa mwanagenzi katika zahanati ya Dkt Watanabe, ambako alijifunza pia lugha za kigeni. Mwaka wa 1896 alielekea Tokyo, na mwaka uliofuata akafaulu mtihani wa serikali uliompa leseni ya udaktari. Hata hivyo, alihofia kwamba wagonjwa wangeshtushwa na mkono wake. Akaamua kuachana na kazi ya kutibu na kujitosa katika utafiti wa vijidudu. Mnamo 1898 aliajiriwa katika taasisi ya magonjwa ya kuambukiza iliyoongozwa na Profesa Shibasaburo Kitasato, ambaye miaka minne awali alikuwa Hong Kong akichunguza vijidudu vya tauni.

Ni katika kipindi hicho alipolibadilisha jina lake. Alikuwa amesoma riwaya ya mwandishi Tsubouchi Shoyo yenye mhusika mwenye jina linalokaribia sana kuwa lake, mwanafunzi wa udaktari mwenye kipaji anayeharibikiwa kwa anasa. Noguchi mwenyewe alikuwa na udhaifu huohuo, kwani pesa hazikukaa mkononi mwake. Inaelekea aliona ndani ya kitabu hicho kioo asichokipenda, akajiita Hideyo.

Tauni bandarini Yokohama

Kukutana kwake kwa mara ya kwanza na maradhi ya panya kulitokea mwaka wa 1899. Akiwa afisa wa karantini katika bandari ya Yokohama, aliwapima mabaharia wa meli iliyoitwa America Maru na akamgundua mgonjwa wa tauni kabla maradhi hayo kupata nafasi ya kushuka nchi kavu. Tauni husababishwa na bakteria wanaoishi katika panya na kuhamishiwa kwa binadamu na viroboto. Utambuzi huo ulimpa sifa, na mwaka huohuo akachaguliwa kuwa miongoni mwa madaktari waliotumwa katika bandari ya Newchwang, kaskazini mwa Uchina, kupambana na tauni.

Mwaka huo pia alikuwa mkalimani wa Profesa Simon Flexner, msomi wa Marekani aliyekuwa akizuru Japani. Flexner alimpa maneno ya kumtia moyo, kama wageni wafanyavyo, na pengine akasahau. Noguchi hakusahau. Mnamo Desemba 1900 alibisha mlangoni mwa Flexner mjini Philadelphia, bila mwaliko rasmi wala kazi ya kumngoja. Nauli yake ilitokana na fedha za uchumba ambao hakuukamilisha, deni ambalo baadaye lililipwa na mfadhili wake, daktari wa meno Morinosuke Chiwaki.

Flexner alimpa kazi ambayo wengi wangeikwepa, yaani kuchunguza sumu ya nyoka. Kijana huyo aliifanya kwa bidii isiyo ya kawaida. Alipata ufadhili wa kusoma Copenhagen, Denmark, na mwaka wa 1904 akajiunga na Taasisi ya Rockefeller jijini New York, iliyokuwa mpya na chini ya uongozi wa Flexner. Huko ndiko alikojijengea jina. Mwaka wa 1913, akishirikiana na J. W. Moore, alithibitisha kwamba vijidudu vya kaswende vimo ndani ya ubongo wa watu waliopatwa na wazimu na kupooza katika hatua za mwisho za ugonjwa huo. Kazi hiyo haijapingwa hadi leo.

Lakini hata katika miaka hiyo ya fanaka, dosari zilionekana. Alipotengeneza kipimo cha ngozi cha kutambulia kaswende, kilijaribiwa kwa mamia ya watu, wakiwemo wagonjwa wa hospitali na watoto yatima, bila idhini yao. Jambo hilo lilizua lawama kali jijini New York. Aidha, madai yake kwamba ameweza kuotesha katika chupa vijidudu vya polio na vya kichaa cha mbwa hayakuweza kurudiwa na watafiti wengine. Alikuwa mtu wa kufanya kazi peke yake, usiku kucha, akikimbilia matokeo.

Mwaka wa 1915 alirejea Japani kwa ziara fupi. Mamake, ambaye hakuwa amepata elimu, alikuwa amejifunza kuandika herufi kwa taabu ili tu amwandikie mwanawe na kumsihi arudi nyumbani. Noguchi alipokelewa kama shujaa na kutunukiwa tuzo ya chuo cha kifalme cha wasomi. Alimtembeza mamake sehemu mbalimbali za nchi, kisha akaondoka. Hakuirudia nchi yake tena. Mama alifariki mwaka wa 1918.

Ugonjwa wa wachimba migodi

Ili kulielewa kosa lililomkumba, ni lazima kuurudia ugonjwa ambao ndio kiini cha mkasa huu. Mwaka wa 1886, daktari Mjerumani Adolf Weil alieleza homa kali inayoambatana na macho na ngozi kugeuka manjano pamoja na figo kudhurika. Chanzo chake hakikujulikana hadi Wajapani wawili, Ryokichi Inada na Yutaka Ido wa Chuo Kikuu cha Kyushu, walipowachunguza wachimba migodi ya makaa ya mawe waliokuwa wakifanya kazi katika maji machafu. Waliwadunga simbilisi damu ya wagonjwa. Wanyama hao wadogo waliugua, wakageuka manjano, na katika ini lao kukaonekana kijidudu chembamba kilichojipinda kama parafujo. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka wa 1915. Baadaye ilibainika kwamba panya huishi na kijidudu hicho ndani ya figo bila kudhurika, na hukitoa kupitia mkojo. Binadamu huambukizwa maji au udongo uliochafuliwa unapogusa mikwaruzo ya ngozi, macho au kinywa.

Noguchi aliipokea habari hiyo kwa shauku. Alichunguza panya wa jiji la New York na kukikuta kijidudu hichohicho. Alitambua kwamba hakifanani na vijidudu vingine vya umbo la parafujo, kwa kuwa ni chembamba mno na ncha zake zimepinda kama kulabu. Akakiundia jamii yake mpya na kuiita Leptospira. Jina hilo linatumika kote duniani hadi leo, na ugonjwa wenyewe unaitwa leptospirosisi. Kwa hiyo mtu aliyekuja kupotoshwa na kijidudu hiki ndiye hasa aliyekibatiza jina.

Julai 1918 Wakfu wa Rockefeller ulimtuma Guayaquil, mji wa bandari nchini Ecuador uliokuwa umeandamwa na homa ya manjano. Tume ya Walter Reed ilikuwa imethibitisha nchini Cuba mwaka wa 1900 kwamba maradhi hayo huenezwa na mbu, na muda mfupi baadaye ikaonyesha kwamba kisababishi chake hupenya vichujio vinavyonasa bakteria. Dalili zote zilielekeza kwenye kitu kidogo kuliko bakteria. Noguchi hakuiandama njia hiyo. Aliwadunga simbilisi damu ya wagonjwa alioelezwa kuwa na homa ya manjano, na katika muda usiozidi siku chache akakiona kijidudu cha umbo la parafujo. Alitangaza kuwa amekipata chanzo cha homa ya manjano na kukiita Leptospira icteroides.

Hapa ndipo penye fundo la mambo. Mgonjwa wa homa ya manjano na mgonjwa wa leptospirosisi iliyokithiri wote huwa na joto kali, maumivu ya mwili, macho ya manjano, figo zinazofeli na damu inayotoka. Katika mji wenye mbu na panya kwa wingi, magonjwa yote mawili yanaweza kulazwa katika wodi moja. Tena simbilisi hawaugui kwa virusi vya homa ya manjano, lakini huugua upesi wakidungwa leptospira. Kwa hiyo jaribio alilolichagua lilikuwa kama wavu wenye matundu ya kunasa samaki wa aina moja tu. Wagonjwa wa kweli wa homa ya manjano hawakumpa chochote. Wale wachache waliokuwa na ugonjwa wa panya walimpa kijidudu. Naye akakichukua kijidudu cha wachache na kukifanya chanzo cha maradhi ya wote.

Ecuador ilimpa heshima ya cheo cha kijeshi. Chanjo na seramu zilitengenezwa na kupelekwa katika nchi mbalimbali za Amerika ya Kusini na ya Kati. Maelfu ya watu walidungwa wakiamini wamekingwa. Wakati huohuo kampeni ya kuangamiza mbu iliendelea Guayaquil na homa ya manjano ikatoweka humo mwaka wa 1919, jambo lililowafanya baadhi ya watu kuisifu chanjo kwa kazi iliyofanywa na wapulizia dawa na wafunika mapipa ya maji.

Si wote waliokubali. Daktari Mcuba Aristides Agramonte, aliyekuwa mwanachama wa tume ya Walter Reed, alimkosoa hadharani katika kongamano lililofanyika Jamaica mwaka wa 1924. Alishikilia kwamba Noguchi alikuwa amechanganya magonjwa mawili. Pigo zito zaidi lilitoka Chuo Kikuu cha Harvard, ambako Max Theiler na Andrew Sellards walionyesha mwaka wa 1926 kwamba kijidudu cha Guayaquil hakikutofautiana hata kidogo na kile cha ugonjwa wa Weil. Kingamwili za kimoja zilikishambulia kingine bila ubaguzi.

Safari ya mwisho

Huku hayo yakijiri, kikosi kingine cha Wakfu wa Rockefeller kilikuwa kimepiga kambi Yaba, karibu na Lagos, Nigeria. Miongoni mwao alikuwemo Adrian Stokes, aliyekuwa ameuchunguza ugonjwa wa Weil miongoni mwa wanajeshi wa Uingereza katika mahandaki ya Flanders wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Stokes alikijua vyema kijidudu cha panya, na katika wagonjwa wa homa ya manjano wa Afrika Magharibi hakikuonekana. Mwaka wa 1927 kikosi hicho kilichukua damu ya kijana wa Gold Coast aitwaye Asibi na kumdunga tumbili wa jamii ya rhesus kutoka India. Tumbili aliugua homa ya manjano. Kwa mara ya kwanza alikuwa amepatikana mnyama wa maabara anayeweza kuugua maradhi hayo, na kisababishi kilipenya vichujio. Asibi alipona. Stokes aliambukizwa na kufariki Septemba mwaka huo.

Noguchi, ambaye sasa heshima yake ilikuwa hatarini, aliamua kwenda mwenyewe kuupata ukweli. Aliwasili Afrika Magharibi Novemba 1927 na kuweka maabara yake Accra, mbali na wenzake wa Lagos. Alifanya kazi usiku na mchana akitumia tumbili kwa mamia. Kisukari na udhaifu wa mwili havikumzuia. Mei 1928, akijiandaa kurejea Marekani, alisafiri hadi Lagos kuwatembelea wenzake, na aliporudi akashikwa na homa. Hakuinuka tena.

Mwenyeji wake mjini humo, Dkt William Alexander Young, ndiye aliyeupasua mwili wake kuthibitisha ugonjwa. Viungo vya ndani vilionyesha dhahiri kwamba ilikuwa homa ya manjano. Siku chache baadaye Young naye akafariki kwa maradhi hayohayo. Mwili wa Noguchi ulisafirishwa hadi New York na kuzikwa katika makaburi ya Woodlawn, mtaani Bronx.

Kukosea ni kwa kila mtafiti, na kosa la Noguchi halikupotea bure. Wale waliomkosoa walilazimika kubuni vipimo vilivyo sahihi zaidi. Theiler, akitumia virusi vilivyotokana na damu ya Asibi, alitengeneza chanjo ya homa ya manjano iliyoanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1930. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1951, na chanjo hiyo ndiyo inayotumika hadi leo.

Ugonjwa wa panya nao haujaondoka. Makadirio yaliyochapishwa mwaka wa 2015 yalionyesha kwamba takriban watu milioni moja huugua leptospirosisi iliyokithiri kila mwaka duniani na karibu 60,000 hufariki. Tiba ipo, kwani ni bakteria wanaouawa kwa viuavijasumu vya kawaida vikianzishwa mapema. Tatizo ni utambuzi. Katika juma la kwanza kijidudu kimo katika damu, lakini ni chembamba kiasi cha kutoonekana kwa hadubini ya kawaida. Huhitajika ile inayokimulika kutoka kando ili king'ae juu ya giza. Baadaye hutoweka katika damu, na hapo daktari hutafuta kingamwili kwa kuchanganya seramu ya mgonjwa na vijidudu hai ili kuona kama vitagandamana. Kipimo hicho hufanywa katika maabara chache, na mara nyingi huhitaji damu ya mgonjwa ichukuliwe mara mbili, siku kadhaa baina ya moja na nyingine. Katika zahanati nyingi, mwenye homa hudhaniwa ana malaria tu.

Afrika Mashariki imeyaona hayo. Julai 2022 watu walianza kuugua homa ya ghafla na kutokwa damu puani katika mkoa wa Lindi, kusini mwa Tanzania, na baadhi yao wakafariki. Hofu ya Ebola na Marburg ilitanda. Maabara ilipima na kuyaondoa maradhi hayo mmoja mmoja kabla ya kubaini kwamba ilikuwa leptospirosisi, ambayo Watanzania waliiita homa ya mgunda. Utaratibu huo wa kupima kila kinachodhaniwa na kukataa kuridhika na jibu la kwanza ndio uliokosekana Guayaquil mwaka wa 1918.

Japani haikumsahau mwanawe. Sura ya Noguchi ilikuwa katika noti ya yeni 1,000 tangu mwaka wa 2004 hadi Julai 2024, noti mpya ilipotolewa ikiwa na sura ya Kitasato, aliyekuwa mkuu wake alipokuwa kijana. Nchini Ghana, taasisi ya utafiti wa tiba iliyoanzishwa mwaka wa 1979 katika chuo kikuu cha nchi hiyo inaitwa kwa jina lake. Na serikali ya Japani ilipobuni tuzo ya Afrika ya kumuenzi, miongoni mwa washindi wawili wa kwanza, mnamo Mei 2008, alikuwa Mkenya, Profesa Miriam Were, aliyetambuliwa kwa kazi yake ya miaka mingi ya kuifikisha huduma ya afya hadi vijijini.

Tuzo hiyo ilitolewa Yokohama, mji uleule wa bandari ambamo, miaka 109 kabla, afisa kijana mwenye mkono uliolemaa alimpima baharia mwenye homa na kuutambua ugonjwa wake bila kukosea.